Malkia wa rodeo barabarani kiangazi: farasi, karatasi na kofia isiyodondoka

Shoti22 anauliza:

Wadau, habari za leo. Kuna binti amevishwa taji la malkia wa rodeo (balozi wa mashindano ya wapanda farasi) wa kaunti huko Wyoming, Marekani, na ratiba yake ya Juni hadi Septemba haina nafasi ya kupumua. Wiki ya Julai 4 peke yake ana rodeo tatu, moja Colorado na moja Utah. Ana pikapu, trela ya farasi wawili na farasi mmoja wa kilo 500 hivi. Mambo ya mashati ya kumeremeta na kusaini picha za watoto anayamudu. Naulizia safari yenyewe: karatasi zipi, maji kiasi gani, asimame kila baada ya saa ngapi? Na ile kofia yenye taji inabakije kichwani farasi akipiga shoti?

Karatasi_Kwanza:

Aanze na karatasi, kwa sababu anaweza kurudishwa mpakani hata uwanja hajauona.

Kwanza, majibu ya kipimo cha damu cha Coggins, kinachotafuta ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu. Majimbo mengi huyakubali kwa miezi 12. Pili, cheti cha afya cha daktari wa mifugo, ambacho kwa kawaida hudumu siku 30. Hapo ndipo wengi hunaswa: cheti cha Juni 1 kimeshakufa Julai 4 ikifika. Tatu, ukaguzi wa chapa. Wyoming, Colorado na Utah zote zina sheria hiyo, na farasi asiye na chapa ya moto mwilini hukaguliwa vilevile, kwa kuwa kinachothibitishwa ni mwenye mali. Aombe kibali cha kudumu cha farasi huyo, asihangaike na kipya kila safari.

Kiangazi pia huweza kuzuka ugonjwa wa malengelenge ya mdomoni unaosambazwa na wadudu wanaouma. Ukizuka, jimbo au hata uwanja wenyewe unaweza kudai cheti cha siku chache tu. Apige simu ofisi ya mifugo ya jimbo analokwenda wiki ileile ya safari. Aliyoambiwa mwezi uliopita asiyategemee.

Grisi_na_Lami:

Kwenye trela, tairi ndizo zinazoua safari. Trela hukaa muda mrefu bila kutembea, kwa hiyo mpira hupasuka kwa uzee huku kashata zake zikiwa bado nzima. Asome tarehe iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Zikizidi miaka mitano au sita, abadilishe zote. Upepo apime asubuhi tairi zikiwa za baridi. Kila anaposimama apeleke kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa na moto kuliko vingine, beringi imekosa grisi au breki imeng'ang'ania, asiendelee.

Kusimama ni kila saa tatu hadi nne, dakika 20, kivulini. Farasi asimshushe kando ya barabara kuu. Afungue madirisha, ampe maji, na alegeze kamba ya kichwa ili farasi aweze kuinamisha shingo. Hilo si la starehe. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hashushi kamasi na vumbi, vinateremka mapafuni, na homa hutokea siku moja hadi tatu baadaye, wakati malkia anajiandaa kuingia uwanjani. Ampime joto kila asubuhi: kawaida ni nyuzi 37.2 hadi 38.3 za Selsiasi. Likipita 38.6, amwite daktari.

Maji: siku ya kawaida hunywa lita 25 hadi 40, kwenye joto kali huzidi 50. Tatizo ni kwamba farasi hususia maji yenye harufu ngeni, nyasi kavu zinagandamana tumboni, na msokoto wa tumbo unaanza. Wiki moja kabla ya safari amzoeshe maji yaliyotiwa juisi kidogo ya tofaa, kisha akifika ugenini atie juisi ileile. Nyasi aziloweshe, nafaka apunguze.

Tandiko_Zito:

Naafikiana na @Grisi_na_Lami, ila siyo kila rodeo inastahili kumburuta farasi wake. Ya mbali ni afadhali aazime huko huko, kama wafanyavyo malkia wa majimbo wanaosafiri kwa ndege. Abebe tandiko lake, pedi mbili za unene tofauti, na mikanda ya tumbo ya urefu tofauti, maana farasi wa watu hawana kiuno kimoja. Lijamu atumie ile aliyozoea farasi huyo. Kumbadilishia siku ya maonyesho ni kutafuta balaa.

Bendera asimwoneshe ghafla. Aanze ikiwa imeviringwa, farasi ainuse, kisha aifungue nusu, kisha yote huku wakitembea polepole. Ndipo apige shoti. Mguu wa mlingoti hukaa kwenye kikombe kilichofungwa kwenye kikuku cha kulia, hatamu mkono wa kushoto, kiwiko kibane ubavuni. Kitambaa kikigusa paja la farasi asiyekizoea, farasi huyo atarusha mateke hewani mbele ya jukwaa zima.

Kwenye gwaride la mjini atembee tu, kwato za chuma huteleza kwenye lami. Rodeo ya Pendleton, Oregon, mwezi wa Septemba, ina nyasi katikati ya uwanja. Huko nako kona azichukue kwa upana.

Shoti22:

Asanteni sana. Bado kofia!

Ukingo_wa_Kofia:

Taji hukaa mbele, kwa hiyo uzito huivuta kofia usoni. Ndani ya ukanda wa ngozi, upande wa nyuma, abandike kipande chembamba cha sponji. Kisha ashone vitanzi vinne vya mpira kwenye ukanda huo na kupitisha pini za nywele humo, zikishika nywele zilizotimuliwa na kupuliziwa dawa. Ajaribu kwa kuinama na kutikisa kichwa kwa nguvu mara kumi. Ikisogea hata kidole kimoja, uwanjani itaruka.

Safarini taji livuliwe, kofia ilale kichwa chini ndani ya boksi lake, kamwe isiachwe kwenye dashibodi. Joto hukaza ukanda wa ngozi, na asubuhi kofia inagoma kuingia kichwani. Ukingo uliopinda aupitishe juu ya mvuke wa birika, aunyooshe kwa vidole, aache upoe kabla ya kuivaa.