Kijana aliona mrunda umezama kwenye tope, akaogopa kuniambia

FomeniKigamboni
Wakuu, habari zenu. Mimi ni fomeni wa majengo, huu mwaka wa 14. Nina jambo linaninyima usingizi.

Mwezi uliopita tulikuwa tunamwaga slabu ya ghorofa ya kwanza. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mirunda, zile nguzo za miti zinazoishikilia slabu mpaka ikauke, upande wa nyuma ilisimama juu ya udongo, na kama mitatu haikuwekewa kipande cha ubao chini. Udongo ulipolowa ikaanza kudidimia. Slabu ya sentimita 15 ina kama kilo 360 kila mita ya mraba, hapo hujahesabu watu na matoroli. Saa nne na nusu kona ikashuka. Fundi mmoja akaenda nayo, akavunjika mguu.

Jioni hospitalini saidia fundi mmoja, kijana wa miaka 20, akanivuta pembeni. "Bosi, mimi asubuhi niliuona mrunda umezama. Niliogopa kukuambia." Akanikumbusha kwamba wiki moja kabla alinieleza habari ya ngazi iliyolegea, nami nikamjibu mbele ya wenzake: "Umekuja kubeba zege au kukagua?" Watu wakacheka. Mimi nilishasahau kabisa.

Fomeni aliyenifundisha kazi alikuwa mkali, nikaamini bila ukali kazi haiendi. Kofia ngumu nimewapa, buti nimewapa. Nifanye nini vijana waseme wanachokiona?

MzeeWaNondo
Pole sana mdogo wangu. Nimefunga nondo miaka 30 na nakwambia ukali ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni malipo. Kibarua analipwa kwa siku. Akisimamisha kazi na gari la zege limeshafika, wenzake watasema amewakosesha hela. Nani atathubutu?

Saiti moja niliyofanya, msimamizi alitangaza kuwa kazi ikisimama kwa ajili ya usalama, siku inalipwa yote. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili kijana akaonyesha kamba ya winchi imeanza kukatika nyuzi. Tulikaa saa mbili bila kazi, jioni akalipwa sawa na wengine. Hapo ndipo midomo ilipofunguka, walipoiona hela mkononi.

Halafu mwangalie yule fundi wako hodari anayetembea juu ya boriti bila mkanda. Ukimsifia kwamba ana kasi, vijana wote watamwiga.

DadaWaUwanjani
Kaka, mimi niko uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Mafunzoni tulisomeshwa ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977. Ndege mbili za Boeing 747, ya shirika la KLM la Uholanzi na ya Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye barabara ya kurukia, kuna ukungu mzito. Walikufa watu 583. Rubani wa KLM alikuwa mkuu wa kufundisha marubani wenzake, mtu wa heshima kubwa. Ndege ikiwa imeshaanza kukimbia, injinia wake aliuliza kama ile ya Pan Am bado haijatoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Injinia hakuendelea.

Mimi hilo swali moja ndilo linaloniuma. Waswahili wanasema kuambizana kuko, kusikilizana hapana. Kijana wako alishakuambia mara moja, ile ya ngazi.

Mpole_Dom
Fomeni, ajali hiyo iliripotiwa OSHA, wale wa usalama na afya mahali pa kazi? Sheria Na. 5 ya 2003 inataka hivyo. Na madai ya fundi yapelekwe WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mapema, asije akabaki na mguu na deni la hospitali.

FomeniKigamboni
Asanteni sana. OSHA na WCF fomu zimeshakwenda.

Dada, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Jumatatu nilimwomba radhi yule kijana mbele ya watu walewale waliomcheka. Sauti ilinikwama, lakini nilisema.

Leo kabla ya kumwaga nimeingia naye chini ya mirunda, sisi wawili kwanza, mafundi baadaye. Sikumwonyesha kitu, nikamuuliza tu anaona nini. Akazunguka taratibu, akainama kwenye mrunda mmoja wa pembeni: umekalia tofali lililopasuka. Mimi nilikuwa nimeshaupita. Tumeubadilisha, gari la zege limesubiri dakika 40.

Mzee, hilo la kulipa siku yote nimempelekea mkandarasi. Bado hajanijibu, kesho nakwenda tena.