Mrejesho: kitabu cha njia za mlimani nimeshapata

Wakuu, habari zenu. Niliomba ushauri nichague kipi kati ya vitabu viwili vya njia za mlimani: kimoja kinene chenye picha za kuvutia, kingine kidogo chenye maelezo na ramani tu. Asanteni sana wote mliojibu.

Nilimfuata aliyesema nitafute njia ninayoifahamu kwenye vitabu vyote viwili, kisha nilinganishe. Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Kile kinene kiliandika "panda hadi kileleni" kikaishia hapo. Kile kidogo kilitaja kijito cha kuvuka, njia panda ya kukata kushoto, mita za kupanda na mahali pa mwisho pa kuchota maji. Nikachukua kidogo.

Kuangalia mwaka wa toleo kumesaidia, ila hakukutosha. Toleo ni jipya, lakini daraja moja la miti halipo tena, ikabidi tuzunguke mbali. Bora pia kumuuliza aliyepita karibuni.

Kuhusu muda, kanuni ya mpanda milima Naismith ya mwaka 1892 ya kukadiria muda wa kutembea (saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda) ilikaribiana na kitabu. Haihesabu mapumziko, na kwa mizigo tuliyobeba tulichelewa.

Ramani za kitabuni ni ndogo mno. Uliyesisitiza ninunue ramani ya peke yake ya 1:25,000, ambapo sentimita 4 ni kilomita 1, Mungu akubariki. Ukungu uliposhuka, tuliitegemea hiyo na dira.