Tupeane uzoefu: wizi wa maandishi vyuoni, ripoti za Turnitin na namna ya kufanya kazi safi

Daftari_la_Kijani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Msimu wa kukabidhi tasnifu na ripoti za fildi umefika, na swali ni lilelile kila kona: asilimia ngapi ya mfanano inaruhusiwa kwenye Turnitin, ile programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine, na nipunguze vipi? Naomba uzi huu usiwe wa kusimuliana nani alikamatwa na nani alidisko (kufutwa chuo). Wakutubi, wasimamizi na watahini mliomo humu, wekeni hatua zenyewe: kazi safi inatengenezwaje, inaharibikia wapi, na ikishaharibika nani ana uwezo wa kuirekebisha.

Naanza na mahali ambapo makosa mengi huzaliwa, yaani kwenye kuandika notisi. Mwanafunzi anakopi sentensi tano kutoka makala ya mtandaoni, anazipesti kwenye faili la notisi, kisha anaendelea na mengine. Wiki tatu baadaye anafungua faili lile na hajui tena ipi ni sentensi yake na ipi ya mtu. Anazipeleka zote kwenye sura ya pili, ya mapitio ya maandiko. Hapo hakukuwa na nia ya kuiba, lakini mtahini haoni nia, anaona maandishi.

Dawa yake ni herufi tatu. Kila kipande cha notisi kianze na N (nukuu, neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu), M (muhtasari kwa maneno yangu) au W (wazo langu mwenyewe). Baada ya herufi, jina la mwandishi, mwaka na namba ya ukurasa. Namba ya ukurasa iandikwe palepale, kwa sababu kuirudia baada ya mwezi ni kusoma kitabu upya. Kipande kisicho na herufi kisiingie kwenye tasnifu.

Mkutubi_wa_Zamu

Asante kwa kuanzisha, mkuu. Niongelee ripoti ya Turnitin, maana hapo ndipo hofu ilipo.

Kwanza ieleweke kuwa programu ile haisemi umeiba. Inasema maneno haya yamefanana na yale yaliyoko mahali fulani: kurasa za intaneti, majarida na ghala la kazi za wanafunzi zilizowahi kupakiwa. Rangi zake ni hizi: bluu hakuna kilichofanana, kijani hadi asilimia 24, njano 25 hadi 49, chungwa 50 hadi 74, nyekundu 75 kwenda juu. Rangi inapima wingi tu. Kazi ya kijani yenye asilimia 9 inaweza kuwa na ukurasa mzima ulionyofolewa mahali pamoja. Kazi ya njano yenye asilimia 28 inaweza kuwa safi kabisa, kwa kuwa kilichofanana ni orodha ya marejeleo, tamko la mwanafunzi, dodoso lililowekwa kama kiambatisho na majina marefu ya wizara.

Kwa hiyo kabla ya kutetemeka, angalia orodha ya vyanzo upande wa kulia. Chanzo kimoja chenye asilimia 8 ni jambo la kufuatilia. Vyanzo arobaini vyenye chini ya asilimia 1 kila kimoja kwa kawaida ni maneno ya kila siku ya fani yako. Mwombe msimamizi aondoe marejeleo na nukuu kwenye hesabu, kisha msome ripoti pamoja, aya kwa aya. Kikomo cha chuo chako kiulize kwenye kurugenzi ya uzamili na ukipate kwa maandishi, usikitafute kwa watu wa bwenini, kwa maana kila chuo kina chake.

Kosa linaloumiza wengi ni hili. Mwanafunzi anaipeleka rasimu steshenari, analipa, wanampimia kwa akaunti ya chuo kingine asichokijua. Rasimu ile ikipakiwa bila kuchagua isihifadhiwe, inabaki ghalani. Akija kukabidhi rasmi chuoni kwake, programu inaikuta na kumpa asilimia 90 na ushee dhidi ya kazi yake mwenyewe. Kuifuta si kazi ya mwanafunzi wala ya chuo chake: ombi lazima litoke kwenye chuo chenye ile akaunti iliyopakia. Na steshenari mara nyingi haitaki kutaja akaunti ni ya nani. Kipimo cha awali kifanyike maktaba au kwa msimamizi, kwa mpangilio wa kutohifadhi.

Jambo dogo la kumalizia: ukipakia upya mahali palepale zaidi ya mara tatu, ripoti inayofuata huchukua saa 24. Wanaosubiri usiku wa mwisho hukwama hapo.

Mzizi_wa_Mwarobaini

Mkutubi, shikamoo. Na zile mbinu za mitaani za kushusha asilimia? Kubadilisha herufi, kuweka maandishi meupe, kugeuza ukurasa uwe picha?

Mkutubi_wa_Zamu

Marahaba. Zote zinaonekana. Ukibadilisha "a" ya kawaida kwa "a" ya alfabeti ya Kirusi, macho hayaoni tofauti lakini kompyuta inaona neno jipya. Programu ina sehemu ya bendera inayoonyesha herufi zilizobadilishwa na maandishi yaliyofichwa kwa rangi ya karatasi. Hata bila hiyo, mtahini akitafuta neno "sampuli" kwa Ctrl+F na lisipatikane wakati analiona limeandikwa mbele yake, ameshajua. Ukurasa uliogeuzwa picha hauwezi kuchaguliwa kwa kipanya. Na hapa adhabu hubadilika, kwa kuwa mtu aliyesahau nukuu anaweza kujitetea kwa uzembe, ila aliyebadilisha herufi mia nne hana pa kusimama.

Bibi_Tasnifu

Wanangu, mkutubi amewaambia namna ya kusoma ripoti. Mimi niseme namna ya kuandika ili ripoti isiwe na la kusema.

Wengi hudhani kuandika kwa maneno yako ni kubadilisha neno moja moja. Chukueni sentensi hii niliyoitunga kwa mfano: "Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na wakulima wengi wa kaskazini mashariki huzitumia kupanda mazao ya muda mfupi kama maharage." Mwanafunzi anaandika: "Mvua za vuli hudondoka baina ya Oktoba na Desemba, na wakulima walio wengi wa kaskazini mashariki huzitumia kuotesha mimea ya kipindi kifupi kama maharage." Huo ni wizi ule ule. Mifupa ya sentensi haikuguswa, na "hudondoka" na "mimea ya kipindi kifupi" zimeharibu Kiswahili bure.

Fanyeni hivi. Soma aya mara mbili. Funga kitabu au skrini. Mweleze mtu kwa mdomo, hata kama ni ukuta. Andika ulichosema. Kisha fungua ulinganishe: je, tarehe na namba ni sahihi, na je, kuna mfuatano wa maneno matano au sita uliobaki kama ulivyokuwa? Ukibaki, uweke alama za kunukuu au uandike upya. Sentensi ile inaweza kutoka hivi: "Kwa mkulima wa kaskazini mashariki, vuli ni msimu wa kile kinachokomaa upesi; ndiyo maana maharage huingia shambani mwishoni mwa mwaka," halafu mwandishi, mwaka na ukurasa. Rejeleo linabaki hata kama maneno yote ni yako, maana wazo si lako. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Na wanaotumia programu za kubadilisha maneno wajue zinaacha alama. Mwaka 2021 watafiti Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha makala za kisayansi za Kiingereza zilizojaa istilahi zilizopotoshwa: saratani ya matiti imekuwa kitu kama "hatari ya kifuani", akili bandia imekuwa "fahamu ya kughushi". Mtu wa fani hasemi hivyo hata usingizini.

Kuna wizi mwingine usiopatikana kirahisi kwenye ripoti: kutafsiri. Mtu anachukua sura ya Kiingereza, anaipitisha kwenye programu ya tafsiri, anaiita yake. Asilimia inatoka ndogo kweli. Lakini msomaji wa Kiswahili anahisi. Sentensi zinaanza na kiima kirefu kupita kiasi, "ambayo" zimerundikana mahali ambapo mzaliwa wa lugha angesema "iliyo-", na mifano ni ya maziwa ya Marekani badala ya Ziwa Rukwa au Ziwa Eyasi. Tafsiri si kosa. Kosa ni kutosema ni tafsiri. Andika "tafsiri yangu" kando ya nukuu, basi.

Mtu_wa_Takwimu

Shikamoo Bibi. Niongeze ya sura ya tatu (mbinu za utafiti) na ya nne (matokeo), ambako Turnitin haifiki vizuri.

Tasnifu nyingi za kuokoteza ni za mkoa mwingine zilizobadilishwa jina kwa "tafuta na badilisha". Badilisha "Tanga" kuwa "Lindi" katika faili zima, na "matangazo" yanakuwa "malindizo", "kutangaza" inakuwa "kulindiza". Tafuteni maneno kama hayo kwanza, ni dakika moja tu.

Kisha sampuli. Wengi hutumia kanuni ya Yamane: idadi ya watu igawanywe kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalokubalika. Kwa kaya 1,200 na kosa la 0.05 unapata 300. Kwa kaya 800 unapata 267. Nikikuta kata yenye kaya 800 lakini waliohojiwa wamebaki 300, najua jina la kata limebadilishwa na hesabu imesahauliwa.

Asilimia nazo husema. Waliohojiwa wakiwa 40, kila mtu ni asilimia 2.5 kamili. Kwa hiyo jedwali haliwezi kuwa na asilimia 33.7, maana hakuna idadi ya watu inayotoa jibu hilo. Data za kutunga hukamatwa hapo. Tena nasisitiza: kutunga majibu ya dodoso ni kosa zito kuliko kukopi aya, kwa sababu mtu anaweza kuja kupanga dawa au mbolea kwa namba zile. Tunza madodoso yenyewe, yenye namba, hadi utakapohitimu.

Mwandishi_wa_Thika

Hamjambo wadau. Kwetu Kenya karatasi ya kuibia mtihani inaitwa mwakenya, na kila mtu anajua ni kosa. Ila kuandikiana kazi kwa malipo kumeitwa "academic writing" hadi kukaonekana ajira ya kawaida. Tuongee wazi jinsi inavyoendeshwa. Mteja wa ng'ambo anaweka oda, kampuni inakata sehemu yake, mwenye akaunti inayopokea oda anakata yake, na kijana anayeandika usiku kucha anapata kilichobaki. Kipimo ni ukurasa wa maneno 275.

Sheria zimebadilika huko wateja wanakotoka. Australia ilipiga marufuku huduma hizi mwaka 2020, na Uingereza ikafanya kuwa kosa la jinai kwa upande wa England mwaka 2022. Tena anayenunua hujiweka mikononi mwa muuzaji, aliye na jina lake, chuo chake na risiti, na anayeweza kurudi kudai pesa zaidi kwa tishio la kumripoti chuoni.

Kwa wahadhiri, kazi ya kununua haina mfanano wowote, hivyo ripoti haitasaidia. Kinachosaidia ni dakika kumi za mdomo. Muulize kwa nini alichagua mbinu hii na si ile, rejeleo gani lilimsumbua, na angeondoa aya ipi akipewa nafasi. Aliyeandika atajibu hata kwa kigugumizi.

Daftari_la_Kijani

Asante ndugu yetu wa Thika. Na akili bandia? Naona wanafunzi wanaitwa ofisini kwa sababu kipimo kimesema asilimia 60 imeandikwa na mashine.

Mkutubi_wa_Zamu

Kipimo hicho si kama kile cha mfanano. Cha mfanano kinakuonyesha chanzo, unakwenda kukiona kwa macho. Hiki kinakisia tu, hakina cha kukuonyesha. Turnitin walikileta Aprili 2023. Kinahitaji angalau maneno 300 ya nathari, na Kiswahili hakimo katika lugha zake. Tasnifu ya Kiswahili isihukumiwe nacho.

Kwa Kiingereza pia tahadhari. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walijaribu vipimo saba kwa insha 91 za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo) zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Sisi ndio watu wa aina hiyo, wenye msamiati mdogo na sentensi za kufanana. OpenAI wenyewe, walioileta ChatGPT, walikiondoa kipimo chao Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha.

Ushahidi ulio imara ni marejeleo ya kubuni. Mashine hutunga makala yenye mwandishi wa kweli, jarida la kweli, na kichwa kisichokuwapo. Chukua DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala inayoanza na 10., iandike baada ya doi.org/ uone inafungua nini. Kama ni jarida la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), yaani Kiswahili au Mulika, fungua juzuu lenyewe uangalie kama kurasa zilizotajwa zina makala hiyo. Jijini New York, Juni 2023, mawakili waliopeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT walitozwa faini ya dola 5,000. Kosa lilikuwa lilelile, kutofungua chanzo.

Bibi_Tasnifu

Na aliyeitwa ofisini naye ana la kufanya, asikae kulia. Aombe ripoti kamili, siyo namba tu. Apeleke notisi zake zenye herufi N, M na W, rasimu zenye maoni ya msimamizi, na historia ya matoleo. Kwenye Google Docs iko menyu ya Faili, inaonyesha kila siku uliyoandika na ulichofuta. Kwenye Word, faili likihifadhiwa OneDrive historia hubaki. Likikaa kwenye flashi peke yake, hifadhi nakala mpya kila jioni yenye tarehe kwenye jina: sura2_0314, sura2_0315. Aliyeandika kwa wiki sita ana faili arobaini. Azipeleke zote, na aombe aulizwe maswali ya mdomo juu ya kazi yake siku hiyohiyo.