Mwalimu wa hesabu kaweka karatasi ya mwanangu STAITASI na kucheka juu!!

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, mtanisamehe. Wenye watoto pale mnamjua ninayemsema, yule wa hesabu, sina haja ya kumtaja.

Asubuhi nafungua WhatsApp napitia staitasi kama watu wote, nakutana na karatasi ya mtihani, 9 kwa 100, nikasema maskini mtoto wa nani huyu. Naangalia mwandiko, ni wa binti yangu! Ile g yake ya mkia mrefu naijua tangu chekechea. Jina kalifunika kwa kidole gumba, nusu, kaacha ukoo nje, na kwa ukoo huo mtaa mzima tupo nyumba moja tu. Chini kaandika "madaktari wa kesho hao" na viemoji vya kucheka mstari mzima 😂😂😂😂😂

STAITASI jamani! Inakaa masaa 24! Kaona kila mzazi, kaona muuza chipsi wa getini, shemeji yangu yuko Mwanza sijui namba ya huyu mwalimu kaitoa wapi, kanipigia kunipa pole ya msiba.

Na binti kaiona kabla yangu maana anasomea simu yangu hiyo hiyo. Nimemkuta anafua sare ambayo haikuwa chafu, hataki hata kuniangalia usoni.

Haya magrupu si tuliyafungua wenyewe shule zilipofungwa kwa korona Machi 2020? Walimu walituma maswali kwa bando lao, niliwashukuru na bado nawashukuru. Ila huyu asubuhi anatangaza vitenge, mchana mahubiri, jioni mkeka wake wa kubeti uliochanika, halafu mtoto akiuliza swali la logi tiki mbili za bluu, kimya! Muda wa kupiga picha 9 ya mwanangu anao. Baraza la Mitihani lenyewe matokeo ya kidato cha nne linatoa kwa namba, jina halipo, na kumi bora waliacha kutangaza tangu matokeo ya 2022, walisema haina tija. Yeye ni nani? 9 kwa 100, STAITASI, na kidole gumba kichafu juu!

Kibajaji Mtata: Pole mkuu. Ila angefunika ile 9 akaacha jina, msingegombana.

Mama Pilau: Huyooo namjua! Mimi alinijibu kwenye grupu kwa voisi ya dakika nne, wazazi wote wanasikiliza, kisa nimeuliza hela ya tuisheni inaenda wapi.

Kiboko ya Chai: Hii chai. Uzi bila skrinishoti hatuchangii.

Chaki Nyeupe: Mimi ni mwalimu. Kakosea sana, karatasi ni siri ya mtoto na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, mpeleke kwa mkuu wa shule. Ila na nyie wazazi mnatupigia saa sita usiku kuuliza homuweki, bando hamnunui, shikamoo hamna.

Kibajaji Mtata: Ticha usiku huo si uzime simu?

Chaki Nyeupe: Nikizima mnasema mwalimu hapatikani.

Mwana Kampasi: Heri nyie. Huku chuo lekchara wetu anatangaza testi kwenye staitasi yake tu, mimi kanibloku, nimefika darasani wenzangu wanakusanya karatasi. Kisa cha kunibloku nililaiki picha yake ya 2014.

Mama Pilau: 2014 ulikuwa unatafuta nini huko chini mwanangu 😂

Mleta Mada: Jamani turudi kwenye mada. 9 kwa 100. STAITASI. Mtoto hajala mpaka sasa.

Kiboko ya Chai: Mfundishe hesabu na wewe basi, shule siyo ya mwalimu peke yake.

Mleta Mada: Wewe hujazaa, kaa kimya.

Mpangaji Mwema: Mwenye nyumba wangu anaweka staitasi wapangaji wanaodaiwa kodi, na picha za milango yetu. Leo kaweka wangu.

Mama Pilau: WEEE na milango?? Huyo ndo wa kushtaki!

Mwana Kampasi: Mkuu huyo mwenye nyumba yuko Tabata? Ana gari jeupe?

Mpangaji Mwema: Huyo huyo!! Na LUKU anatugawia kwa kukadiria.

Kibajaji Mtata: LUKU tena? Fungua uzi wake tuje wote.