Naomba ushauri: nimweleze vipi Bulatovich kwa vijana wa kanisani?

Habari zenu wanajamvi, shikamooni wakubwa. Naandaa mada kwa vijana wa parokia yetu ya Kiorthodoksi kuhusu Alexander Bulatovich, na nimekwama.

Alikuwa ofisa wa jeshi la wapanda farasi la Urusi, mwenye nishani. Mwaka 1896 alifika Ethiopia na ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1898, akiwa na jeshi la Menelik, mfalme mkuu wa Ethiopia, lililoiteka Kaffa, ufalme wa kusini-magharibi mwa Ethiopia, alifika hadi Ziwa Rudolf, yaani Turkana yetu. Huko alimwokota mtoto mdogo aliyejeruhiwa vibaya, akamtibu, akamwita Vaska na kwenda naye Urusi. Hapo huwa nafunga kitabu kwanza: mtoto kaokolewa na mtu aliyefuatana na jeshi lilelile.

Baadaye aliacha jeshi, akawa mtawa Antony kule Mlima Athos, makao ya watawa wa Kiorthodoksi huko Ugiriki. Alitetea kwa moyo wote kwamba Jina la Mungu ni Mungu mwenyewe. Mwaka 1913 Sinodi ya Urusi, yaani baraza kuu la Kanisa huko, ililaani fundisho hilo, na watawa zaidi ya 800 wakaondolewa Athos kwa nguvu na askari wa Urusi.

Nimesoma maandishi yake ya safari na kumuuliza padri wetu. Akanishauri niruke mgogoro wa Athos. Lakini bila huo, simulizi inakatika.

Naomba msaada kwa mawili:

Nifundisheje habari ya Jina bila kuwachanganya vijana wanaosali Sala ya Yesu, ile sala fupi ya kulirudiarudia jina la Yesu, kila siku?

Pia, kuna mwenye masimulizi ya wazee wa Turkana au Kaffa kuhusu msafara ule?