Maji ya kunywa nyumbani Amu (Lamu): kuchemsha, dawa, chujio au chupa?

BintLangoni
Assalaam alaykum jamaa. Juzi nilifagia chini ya ngazi nikatoa chupa tupu za maji, nikazihesabu kwa hasira: 113. Nyumba ni ya watu sita, na hizo ni za tangu mwezi wa Rajabu tu. Tulianza kununua maji ya chupa baada ya kitindamimba wangu kuharisha siku nne, tukaambiwa tuache kumpa maji ya kisima hivi hivi. Tukaacha. Sasa mtoto mzima, lakini pesa inakwisha na mimi nimegeuka ghala la plastiki.

Nataka kutoka kwenye chupa bila kurudi hospitali. Ninazozifikiria ni nne: kuchemsha (tunapikia gesi, makaa tuliacha), dawa ya maji (klorini), chujio la udongo kama la jirani yangu, au kulaza chupa juani juu ya bati. Kisima chetu kina chumvi kidogo. Tuna na jabia (tangi la kujengwa) la maji ya mvua la marehemu babu, ila siku hizi ni stoo ya ndoo mbovu. Aliyejaribu anambie na ubaya wake pia, sio sifa tupu.

MvuviMatondoni
Dawa. Unapima, unangoja nusu saa, unakunywa. Mashuani sina gesi ya kuchezea. Ladha utazoea.

BintLangoni
Mimi nitazoea, kaka. Watoto wanatema. Wananambia maji yananuka nguo nyeupe.

FundiWaMkomani
Walaykum salaam dada. Kabla ya kuchagua, tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: chumvi na vijidudu. Hakuna hata moja kati ya hizo nne inayotoa chumvi. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na chumvi inabaki sufuriani, kwa hiyo yanazidi chumvi kidogo. Mitambo ya kuondoa chumvi ipo, lakini inakula stima na inamwaga maji mengi ili ikupe machache. Kwa nyumba ya watu sita sikushauri.

Chumvi ya kisima chako haikuanza kwenye bomba. Chini ya kisiwa chetu maji baridi ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ya bahari ni mazito zaidi. Hesabu ya wataalamu ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Maana yake ukiteremsha maji ya kisima kidogo tu kwa pampu, bahari inapanda kwa kasi kukufuata. Ndio maana vilima vya mchanga vya Shela, vinavyonyonya mvua na kuupa mji maji, tunapigia kelele visijengwe. Kwa hivyo jirani yako akiwa na pampu kubwa, na wewe utaonja.

Sasa gesi. Watu sita, lita 2 kila mmoja, ni lita 12 kwa siku. Kuzitoa kwenye joto la hapa hadi zichemke ni kama gramu 160 za gesi ukikadiria nusu ya moto unapotea pembeni ya sufuria (na hupotea kweli). Mtungi wa kilo 6 unakwisha ndani ya siku 37 au 38 kwa maji peke yake, hujaweka wali. Funika sufuria, na zima mara tu maji yanapotokota vizuri. Vijidudu vya kuharisha havingoji robo saa. Nimeona nyumba wanachemsha dakika 20 kwa sababu bibi alisema. Hiyo ni gesi ya kumpikia upepo.

MamaSwabra
Fundi, huyo bibi ni mimi 😂 Lakini nakubali. Mimi nachemsha usiku baada ya isha, nayaacha yamefunikwa sufuriani, asubuhi natia kwenye jagi. Watu wanalalamika maji yaliyochemshwa ni mafu. Yamimine kutoka jagi hili hadi lile mara tatu nne, yapate hewa, ladha inarudi. Ubaya wake: siku ukisahau, asubuhi mtoto anakwenda shule na chupa tupu, au anajaza mferejini na wewe hujui. Kwangu hilo limetokea zaidi ya mara moja.

BabuPate
Wanangu, mwasumbuka na gesi na jabia munalo. Sisi Pate twalikunywa mai ya mvua mwaka mzima. Mvua ya kwanda ya masika haiingii jabiani, husafisha dari kwanda, ndipo mwafungua ndiya. Kisha mtungi wa udongo wafukizwa ubani, mai ya baridi, ya harufu. Hakuna aliyeharisha.

DadaWaMaabara
Shikamoo babu. Walioharisha walikuwepo, ila hawakuandikwa 🙂 Ubani unatia harufu nzuri, hauui kitu. Lakini la mvua ya kwanza umesema kweli kabisa: hiyo ndiyo inayobeba kinyesi cha ndege na vumbi lote la kaskazi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupima maji, na nilichokiona mara nyingi ni hiki: maji yanatoka kisimani na uchafu wa kiasi, yanafika mtungini na uchafu maradufu. Nilikwenda nyumba moja wameshachemsha, wametia mtungi safi, kata imetundikwa msumarini. Tukiwa tunaongea, akaingia mtoto wa miaka kama mitano kutoka kucheza na punda uani. Kata hakuifikia. Akapanda juu ya kigoda, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akateka na kikombe cha plastiki, akanywa, kikombe akakiacha kinaelea. Mama yake anamtazama na kunambia, "Sisi maji yetu tunachemsha." Gesi yote imekwenda pale pale.

Kwa hiyo dada BintLangoni, kabla hujanunua chujio, nunua ndoo yenye kifuniko na mfereji mdogo chini. Fundi bati yeyote au muuza ndoo atakutobolea akutie bomba. Mkono usiingie tena. Baada ya hapo chaguo lolote kati ya yako litafanya kazi. Bila hilo hakuna litakalofanya.

Kwa ufupi kuhusu kila moja: dawa inaua bakteria na virusi vizuri ikiwa maji ni maangavu. Maji ya matope huimaliza nguvu, uyachuje kwanza kwa kitambaa safi. Kuna vijidudu vyenye ganda gumu ambavyo haiviwezi, lakini kuchemsha kunaviua. Chupa ya dawa ikikaa juani dirishani au ikipitwa na tarehe unatia maji ndani ya maji. Faida yake kubwa ambayo kuchemsha hakuna: inabaki ndani ya maji ikiyalinda siku hiyo. Kipimo fuata karatasi ya chupa, usikisie, na hiyo harufu ya nguo nyeupe mara nyingi ni mkono mzito. Jaribu kuyaacha wazi kwenye jagi, juu kitambaa, saa kadhaa.

Chujio la udongo: maji yanapita polepole, lita 1 hadi 3 kwa saa, kwa watu sita utalijaza asubuhi na usiku. Virusi halizuii vizuri kama bakteria. Likipata ufa usioonekana hujui. Jirani yako muulize analisugua mara ngapi.

Jua: chupa angavu isiyozidi lita 2, yenye alama ya 1 kwenye pembetatu chini, maji maangavu, saa 6 za jua kali, mawingu yakitanda, siku 2. Haina gharama. Kwa lita 12 ni chupa 6 kila siku juu ya paa, na nani atapanda?

Na jambo moja ambalo halionekani: kama choo cha shimo kiko karibu na kisima, maji yanaweza kuwa na naitreti, kemikali inayotokana na uchafu wa choo. Kuchemsha hakuitoi. Mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya unga asipewe maji ya kisima hicho hata yakichemshwa.

BintLangoni
Shimo la choo chetu na kisima ni kama hatua kumi na mbili. Nilikuwa sijafikiria.

FundiWaMkomani
Kanuni inayotajwa ni mita 30. Ukitafuta nyumba Langoni au Mkomani yenye mita 30 za uwanja nambie, nihamie mimi.

MmalindiWaBarani
Sisi wa Malindi tunawaonea wivu kwa majabia yenu. Maji yetu yanatoka Baricho, mto Sabaki, na maji hayo hayo yanapelekwa hadi Mombasa. Yakija, yana dawa tayari. Shida ni "yakija". Mfereji ukikauka siku tatu nanunua mitungi ya mkokoteni, na huyo kijana wa mkokoteni sijui amejaza wapi. Siku hizo natia dawa, siku za mfereji naacha. Yaani sina njia moja, nina mbili, kulingana na alivyoamkia mfereji. Chujio nililinunua, likavunjika safari ya kuhama nyumba. Siwezi kukusifia.

MvuviMatondoni
Na chupa zake 113? Zile haziendi popote, dada. Mimi nazitoa kwenye nyavu. Ile dau ya Flipflopi iliyoundwa hapa Amu kwa plastiki ya kuokota, ikaenda hadi Unguja 2019, walimeza tani za takataka kuijenga. Takataka ya kuunda ya pili ilishajaa ufukweni kabla ya ile ya kwanza kushushwa majini.

MamaSwabra
Turudi kwenye jabia. Mimi naona jabia ndilo jibu la chumvi na la choo kwa pamoja. Fundi, paa lao litatoa kiasi gani?

FundiWaMkomani
Akinambia vipimo. Tuseme bati la mita 6 kwa 8. Mvua moja ya milimita 20, toa moja ya tano inayoruka na kuosha paa, zinabaki kama lita 770. Kwa lita 12 za kunywa kwa siku, hizo ni zaidi ya siku 60. Mvua moja tu, mama! Masika yanatoa nyingi. Kosa letu ni kufulia na kuoshea vyombo kwa maji hayo hayo. Jabia liwe la kunywa na kupikia, kisima kiwe cha kuoga na kufulia. Paa la makuti halifai, maji yake yanatoka rangi ya chai.

DadaWaMaabara
Naunga mkono, kwa sharti. Wakubwa wanakumbuka 2004. Ilikuwa kiangazi, kila nyumba imeweka maji ndani, ikaja chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kukunjamana, na ndivyo watu walivyotembea. Mbu wake ni yule mweusi mwenye milia myeupe miguuni, anauma mchana, na anapenda maji safi ya ndani ya nyumba, si mitaro. Mayai anayagandisha ukutani mwa chombo juu ya maji, yanastahimili ukavu miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, sugua kuta kwa brashi. Jabia lifunikwe, tundu la hewa liwe na wavu wa chandarua. Na hizo ndoo mbovu zilizomo, zitoe leo.

BabuPate
Na birika la chooni, hodhi lile la mai, mutie samaki. Wadogo wale. Nyumba za kale chini ya birika mwajengewa bakuli la kaure, mai yakipungua samaki wabaki na pahala. Hula viluwiluwi wote.

DadaWaMaabara
Hapo babu umeshinda maabara nzima.

BintLangoni
Nimerudi jamaa, wiki tano baadaye. Samahani kwa kimya, tulikuwa na arusi.

Ndoo ya mfereji nimeshanunua, lita 20, nimeiweka juu ya kigoda. Siku ya kwanza yule mdogo alifungua akaenda zake, sebule ikaogelea. Sasa amejua. Dawa nimepima kwa kifuniko chake badala ya kukisia kama nilivyokuwa nikifanya, na kweli harufu imekuwa ndogo; Dada, mkono ulikuwa mzito. Ya dawa natumia kwa kawaida, nachemsha siku mtoto akiwa hana raha ya tumbo au maji yakija na rangi. Jirani nilimuuliza kuhusu kusugua chujio, akanitazama kama nimemuuliza umri wake.

Jabia tumelitoa takataka, ndani tukakuta ndoo nane, kiatu, na kamba ya punda. Kuta zimesuguliwa. Fundi amekuja kuangalia ufa mmoja, amesema hawezi kuuziba kabla jabia halijakauka sawasawa, kwa hiyo masika haya tunaweza kuyakosa, tutategemea vuli. Mpaka hapo bado kisima. Chumvi bado ipo. Mume wangu ndiye anayelalamikia chai.

Chupa tumenunua tatu tu tangu siku ile, zote za safari ya Mokowe.

Babu, hao samaki wanapatikana wapi? Nimeuliza sokoni wamenicheka.

BabuPate
Hawauzwi. Nenda msikiti wowote wa kale wenye birika, muombe mwadhini. Nenda na kopo, si mfuko, na uwahi kabla ya adhuhuri, watu wakianza kutawadha hujificha.