Fingo lililofukuliwa kizingitini: je, uchawi humpata asiyeuamini?

Bint Langoni:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri juu ya jambo lililoigawa nyumba yetu, na ningependa kujibiwa na watu wanaozifahamu desturi za pwani, si na wale wanaolimaliza kila suala la namna hii kwa kicheko.

Mdogo wangu wa kiume alikodi duka katika nyumba ya kale hapa Lamu, mtaa wa Langoni, akawa anauza nyavu, mishipi, kamba na vipuri vya mashine za boti. Wakati wa kaskazi alifanya biashara nzuri, lakini kuanzia mwezi wa Mei mauzo yakashuka. Mwezi uliofuata, fundi aliyekuwa akitengeneza kizingiti alichimbua kifurushi cha kitambaa cheusi kilichoshonwa pande zote, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama tende. Karatasi hiyo ina mraba wa vyumba tisa, na kila chumba kimeandikwa tarakimu ya Kiarabu: safu ya juu ni 4, 9, 2, ya kati ni 3, 5, 7, ya chini ni 8, 1, 6. Kingo zimeliwa na unyevu, ila wino bado unasomeka.

Tangu siku hiyo mdogo wangu hapati usingizi, moyo humwenda mbio, na kila akilikaribia duka hutokwa na jasho. Mama amemleta mganga kutoka nje ya kisiwa. Mganga amesema kwamba hilo ni fingo, yaani hirizi ya kuzikwa ardhini, la kufunga riziki, kwamba kulitegua kunahitaji shilingi 60,000 na mbuzi mweusi, na kwamba kazi ikiisha atamtaja aliyelizika, ambaye eti ni mwanamke mtu mzima wa ukoo wetu. Mama sasa haitikii salamu ya shangazi.

Mimi binafsi siamini. Naomba kujua: je, mambo haya humpata mtu asiyeyaamini? Na ikiwa nguvu yake yote imo katika imani, si afadhali tumlipe huyo mganga ili kijana atulie?

Muuguzi wa Malindi:
Waaleikum salaam dada. Hebu yasome tena maelezo yako mwenyewe. Kifurushi kimekaa chini ya kizingiti muda wote ambao mdogo wako alikuwa akiuza na kulala vizuri, na maradhi yakaanza siku kilipofukuliwa. Kama kingekuwa na sumu yake chenyewe, kingemdhuru alipokuwa akikiruka kila asubuhi bila kujua. Kilichobadilika ni kwamba sasa anajua, na anaogopa.

Hofu hiyo ina kazi halisi mwilini, kwa hiyo msimwambie kwamba anajifanya. Mtu akisadiki kwamba amedhuriwa, mwili hutoa homoni za hatari, mapigo ya moyo hupanda na usingizi hukatika. Hata katika majaribio ya dawa, wagonjwa waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote huripoti madhara yale yale waliyoonywa kuwa huenda wakayapata. Hata hivyo, nakuomba apelekwe hospitali kwanza, apimwe presha, damu na tezi la shingo, kwa sababu moyo kwenda mbio una visababishi vingi, na uchawi umewahi kusingiziwa maradhi mengi yanayotibika.

Kuhusu swali lako la pili, mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 80 wenye matatizo sugu ya tumbo. Baadhi yao walipewa vidonge na kuambiwa waziwazi kwamba havina dawa ndani yake, na bado walipata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa kidonge chochote. Kwa hiyo kumtuliza mtu hakuhitaji kumdanganya. Tena nafuu ya aina hii hugusa yale mtu anayoyahisi, kama maumivu na wasiwasi. Haiyeyushi uvimbe, na wala haiwezi kuwaleta wateja dukani.

Nahodha wa Matondoni:
Mimi nitasema machache tu. Kuanzia Aprili upepo wa kusi hukaza, bahari huchafuka, na wavuvi wengi wenye vyombo vidogo hawatoki nje ya miamba. Mei na Juni hoteli kadhaa za Shela hufungwa. Ni nani atakayenunua nyavu na vipuri wakati boti zimevutwa ufuoni? Ulizeni maduka mengine ya bidhaa hizo kama nayo yamezikiwa mafingo.

Mpwani Halisi:
Mnayarahisisha mambo mno. Nilipooza mkono, hospitali wakakosa la kusema, nikapungwa pepo, na leo ninaandika kwa mkono huo huo. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Wapo waganga matapeli kama walivyo madaktari matapeli, lakini msiutupe uganga wote baharini kwa sababu ya mmoja.

Muuguzi wa Malindi:
Ndugu yangu, mkono wako nauamini. Upo upoozaji unaotokana na msukosuko wa akili, ambao vipimo haviuoni na ambao unaweza kuondoka kwa tiba inayomgusa mtu kwa ngoma, kwa watu waliomzunguka na kwa matumaini. Ninayemtilia shaka ni yule anayemthibitishia mgonjwa ubaya wa hali yake kwanza, kisha akamuuzia nafuu.

Maalim wa Mtaani:
Dada, mraba huo ninaujua. Jumlisha tarakimu zake kwa kulala, kwa kusimama au kwa mshazari, utapata 15 kila mara. Zile za pembeni, yaani 2, 4, 6 na 8, zikisomwa kwa hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, hutoa neno *buduh*, ambalo kwa karne nyingi limeandikwa kwenye talasimu za kinga na hata juu ya barua ili zifike salama. Mraba wenyewe ulitumiwa kuwarahisishia uzazi wanawake. Sijui ni nani aliyeuzika hapo, lakini desturi yake ni ya kuomba heri, na nyumba za kale za mji huu zimekuwa na wapangaji wengi. Haielekei kwamba ni kifungo cha riziki.

Simaanishi kwamba muurudishe. Sisi hatukanushi kuwepo kwa sihiri, kwa maana imetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 102, lakini aya hiyo hiyo inasema kwamba wachawi hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Asome sura za Falaq na Nas asubuhi na jioni. Hazihitaji mbuzi mweusi.

Mwana wa Ganda:
Hilo la kumtaja shangazi ndilo linalonitisha kuliko yote. Mimi ni Mgiriama, na katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi pakiwa na ugomvi wa shamba nyuma yake, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee wa namna hiyo, kuokoa roho zao. Tunaouliza kama uchawi unaua tujue kwamba jina likishatajwa, panga huwa halina haja ya kujua kama ni kweli.

Sisemi kwamba imani haina nguvu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadori, viongozi wa Wagiriama waliowapinga Waingereza, waliwaapisha watu Kaya Fungo, msitu wetu mtakatifu, wanawake kwa kiapo cha mukushekushe na wanaume kwa kile cha fisi, na serikali ya Waingereza ikashindwa kupata vibarua. Kiapo kilifanya kazi kwa sababu kila mtu alijua kwamba jirani yake naye amekula. Nguvu hiyo hiyo ya watu wengi kuamini kwa pamoja ndiyo inayoweza kumgeukia bibi mmoja mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Mjue pia kwamba Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, Sura ya 67 ya sheria za Kenya, inamfanya mkosaji anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa akipeleka madai hayo kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka.

Bint Langoni:
Nawashukuru nyote. Mdogo wangu amepimwa. Presha ni nzuri, na majibu ya damu tunayangoja. Nilimpa kalamu ajumlishe mwenyewe ule mraba, akarudia mara nyingi, kisha akaniuliza mbona mtu amchimbie adui dua ya heri. Usiku huo alilala, ingawa si mpaka asubuhi. Tatizo limebaki kwa mama, ambaye ameshaahidi malipo, na anasema kwamba kuvunja ahadi ya mganga kunaleta balaa kubwa zaidi.

Maalim wa Mtaani:
Usibishane na mama mbele ya kijana. Mwombe anikaribishe nyumbani pamoja na mzee mmoja wa ukoo, tusome, tule, na sadaka ipelekwe kwa mayatima wa mtaani. Mganga aambiwe na mwanamume wa nyumba kwamba shughuli imekwisha, na asilipwe hata nauli kwa ajili ya jina analolishikilia. Na shangazi aalikwe kwenye kisomo hicho, aketi karibu na mama.

Mwana wa Ganda:
Aalikwe kabla ya wageni wengine, na wewe mwenyewe ndiwe uende kumchukua.